Fomu Iliyouliza Mtoto ni wa Nani

Mtoto wa dada yangu alinijia mgongoni. Tulipotoka kumzika mama yake, huku Saint Paul, Marekani, mwezi ambao ardhi ilikuwa imeganda hata wachimba kaburi wakaipasha moto kwanza ndipo ikakubali kuchimbika, mama mmoja wa kanisani kwetu alimtoa mtoto kwenye kiti chake garini, akaniambia niiname, akamweka mgongoni kwangu na kunifunga kanga juu ya koti la baridi. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Nilipojiinua nilikuwa mama, na hakimu hakuwepo, wala karatasi.

Kwetu Morogoro hilo lisingemshangaza mtu. Marehemu alikuwa dada yangu mkubwa. Kwa mwanawe mimi ni mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Ukimwuliza mtu mzima wa kwetu tofauti iko wapi, atakutazama kama umemtukana. Dada ndiye aliyetangulia Minnesota kusomea uuguzi, akanitafutia chuo na mimi. Mtoto alizaliwa huku huku. Baba yake, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amerudi kwao kabla tumbo halijaonekana. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kina jina la dada yangu, nafasi ya baba iko wazi, na mimi simo popote.

Baadaye niliolewa, nikapata binti wa pili, nikabahatika kushinda green card katika ile bahati nasibu, na mume wangu akaenda Texas kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mengine akayapata humo humo. Tukabaki watatu ghorofani, mimi na mabinti wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa miaka mitano. Hakuna aliyewahi kumwambia mkubwa kwamba alizaliwa na mtu mwingine. Siwezi kusema nilimficha. Nilikuwa nangoja akue, na kila mwaka nilipomtazama niliona bado hajakua.

Tulikuwa na desturi zetu. Mimi nilisema Kiswahili, wao walijibu kwa Kiingereza, na maisha yakaenda. Wanawake wote waliotuzunguka, wa kanisani, wa kazini kwangu, wa nyumba ya chini, waliitwa anti. Kulikuwa na anti wa mandazi, anti wa Kongo, anti mwenye gari bovu. Mama alikuwa mmoja tu. Nilizoea hivyo, sikujua kwamba kuitwa mama peke yangu kulikuwa mali.

Mkubwa alikuwa na sikio la kushoto lililotoa usaha tangu utotoni. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, daktari aliniambia ngoma ya sikio imetoboka, na kwamba tukichelewesha upasuaji mdogo mtoto atapoteza usikivu wa upande ule. Wakati mtoto bado yuko ndani kwa daktari, karani wa mapokezi aliweka cheti cha kuzaliwa kando ya kitambulisho changu, akatazama jina moja, akatazama la pili. Miaka yote nilikuwa nikitia sahihi penye neno "mama" na hakuna aliyeuliza. Huyu aliuliza. Aliuliza kwa upole, na upole wao wa maofisini ndio unaoniogopesha kuliko ukali. Akasema siku ya upasuaji nije na karatasi ya mahakama inayonitaja kuwa mzazi au mlezi halali, vinginevyo hawataweza kumgusa.

Nilimtafuta wakili. Akanisikiliza, akasema shauri lenyewe si gumu: mama amefariki, baba hajulikani aliko, jaji atakubali nimwasili mtoto, awe wangu kisheria. Kisha akataja ada yake. Nilicheka, na sikukusudia kucheka. Mimi nilikuwa nikiwageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya wazee kule Roseville, zamu ya mchana na kipande cha zamu ya jioni, na ada ile ilikuwa mshahara wa mwezi usiokuwepo kwenye kalenda.

Lakini palikuwa na Machi. Mtu mwenye kipato kizuri hawezi kuielewa Machi yetu. Mara moja kwa mwaka, ukishajaza fomu ya kodi, serikali ilimrudishia mfanyakazi mwenye kipato kidogo na watoto kiasi fulani cha fedha, pengine zaidi ya kodi yote aliyokatwa. Wenyewe waliita nafuu ya kodi. Sisi tuliita pesa za watoto. Kwa pesa za watoto watu walinunua gari la kwendea kazini, wakawanunulia wanao viatu vya theluji, wakatuma nyumbani bati za kuezekea. Mimi mwaka ule nilizitoa zote kwa wakili kabla sijazitia mkononi. Nilimwambia nitamlipa mwisho wa Machi. Upasuaji ukapangwa Mei.

Fomu nilijaziwa maktaba. Chumba cha chini, kila Jumamosi, wastaafu walikaa kwenye meza za kukunja wakiwajazia watu fomu bure. Mimi niliangukia kwa bibi mmoja mwenye miwani ya kamba. Alisoma maswali, nikajibu. Jina la mtoto. Namba yake. Miezi mingapi ameishi nawe? Kumi na miwili. Uhusiano wenu?

"Binti yangu," nikasema.

Na huyu wa pili?

"Binti yangu."

Sikupepesa jicho. Watu walioniita mwongo baadaye, na mimi mwenyewe nimo kati yao, wanielewe: sikudanganya. Nilijibu vile ambavyo ningemjibu yeyote aliyenisimamisha barabarani. Angeuliza nani alimzaa, ningemwambia. Aliuliza uhusiano.

Mwisho wa Machi haikuja hundi, ilikuja barua. Watu wa kodi walisema wanazishikilia fedha zangu mpaka nithibitishe kwamba mtoto wa kwanza katika fomu ni binti yangu kama nilivyoeleza. Nitume cheti cha kuzaliwa. Nitume na barua ya shule. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi na buti zangu zenye matope ya barafu.

Ieleweke kwamba barua za nyumba ile zilikuwa na mwenyewe. Kiingereza nilikuwa nacho, cha chuo na cha kazi, lakini chake mkubwa kilikuwa hakina makwazo, na kila barua niliyoiandika aliipitia kwa kalamu nyekundu akinicheka, kama mwalimu. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Aliponiona nimesimama akanyoosha mkono apewe. Nikamwambia ni tangazo la mazulia. Barua nikaenda kuificha kwenye debe la unga wa ugali.

Kazini nilikuwa na rafiki mmoja, Mkenya, ambaye tulianza naye wiki moja, na alikuwepo pale makaburini siku ya kanga. Nilimweleza chumba cha kufulia, mashine zikiunguruma.

"Si utume tu birth certificate, dada," alisema. "Hawa wanataka ku-confirm, halafu wana-release pesa yako."

"Cheti kina jina la marehemu."

Akaacha kukunja shuka. "Na wewe uliandika nini kwa form?"

"Binti."

"Woi!" Akaangalia mlangoni kabla ya kuendelea. "Hiyo wataita fraud. Ukisema mtoto si wako, watakuuliza basi ni wa nani, na unakaa naye kwa ruhusa ya nani? Huyo mtoto ni citizen. Wewe ni mtu wa green card, na hauna custody hata ya karatasi moja. Watamchukua, na wewe wakupandishe ndege."

Rafiki yangu hakuwa mwanasheria, alikuwa anageuza wazee na kufua shuka kama mimi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hachagui wakili. Nilimwamini kila neno, na wiki mbili zilizofuata sijui nilivyoziishi. Nilimvalisha mzee mmoja meno ya mwenziwe. Nilipitilizwa na basi mpaka mwisho wa njia, nikashushwa nikilia, dereva akidhani nimefiwa. Kila simu ilipolia nyumbani nilijua ni wao. Niliwaza kumpeleka mtoto Morogoro kwa mama yangu, nikakumbuka sikio. Niliwaza kukimbilia Texas, na hapo ndipo mtu apime nilikuwa nimefika wapi, mpaka kwa mume wangu nikaona kimbilio. Nilimkasirikia Mungu, na nilimkasirikia dada yangu kwa kufa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, wakiwa wamekaa vizuri na chai yao. Basi ule niliousikia mimi miaka tisa, mtoto akishika sikio na kugonga kichwa ukutani, ulikuwa uchungu wa nani?

Mwishowe nilirudi maktaba, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Nikamwekea yule bibi barua mezani, yenye unga kwenye mikunjo, nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea apige simu mahali. Akafungua kitabu chake kinene, akasoma kwa kidole, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mbona hukuniambia? Mtoto usiyemzaa, kama ameishi nawe mwaka mzima na unamlea kama wako, naye anahesabiwa. Pesa ni zile zile. Ulikosea kisanduku tu." Akanieleza cha kufanya: niandike barua, niseme kwamba huyu si binti yangu, ni mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea, nitie sahihi. Na shule ithibitishe.

Bibi wa watu alifurahi kwa ajili yangu, akanishika mkono. Nami nilipaswa kufurahi. Lakini nilikaa kwenye basi nikilizungusha kichwani: ili nipate pesa za kumfanya mtoto awe wangu mahakamani, ni lazima kwanza nitie sahihi kwamba si wangu. Nilitukana kwa Kiluguru, kwa sauti, na abiria wa kiti cha mbele akahama.

Barua ile niliiandika kazini, juu ya mfuniko wa mashine ya kufulia, bila kalamu nyekundu ya mtu. "Huyu si binti yangu." Kwa Kiingereza ni maneno machache sana, na yalinila mapumziko yote ya chakula. Nilihisi kama naifungua ile kanga na kumweka mtoto chini.

Nikapiga simu shuleni, nikamweleza katibu ukweli, nikamwomba aitume barua yao kwa posta. Nilisisitiza posta. Yule mama wa shule alikuwa mwema, na wema wake ndio ulionimaliza: aliona anipunguzie siku za kungoja, akampa mtoto mwenyewe ailete. Mkubwa aliingia, akavua buti, akaweka bahasha kando ya kopo la sukari, akaenda kumkatia mdogo wake mkate. Ndani waliandika kwamba mwanafunzi huyu anaishi kwa anti yake, ambaye ndiye anayemlea tangu mama yake mzazi afariki.

Bahasha haikuwa imegundishwa. Nilimtazama mgongo. Nikajiambia hajaisoma. Mtoto aliyesoma mpaka maandishi ya nyuma ya boksi la sabuni, aliyejiona ndiye katibu wa nyumba, eti hajaisoma. Nikachagua kuamini hivyo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuamini vingine, na kesho yake nikatuma karatasi zote.

Baada ya hapo mtoto akapata adabu. Aliosha vyombo kabla sijasema. Alipita akizima taa. Lile koti la mvua alilokuwa akilililia tangu Krismasi hakulitaja tena. Alitandika kitanda chake hata kikawa kama cha hospitali. Mezani alichota vijiko viwili, akasema ameshiba. Na hakuniita kitu. Akinihitaji, alikuja kusimama kando yangu mpaka nimwone.

Nilimsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu. "Mwone dada yako," nilimwambia mdogo, "mwone alivyokuwa mtu mzima, nawe uige." Kwetu mtoto akitulia, akasaidia kazi, akapunguza tamaa ya chakula, tunasema malezi yamekubali. Angekuwa ni mmoja wa wazee wangu wa Roseville aliyeacha kula ghafla na kuacha kuita majina ya watu, ningeandika ripoti kabla zamu haijaisha. Mtoto wangu sikumwandikia.

Wakati huo huo kule Washington walikuwa wakibishana kuzipunguza pesa za watoto. Redio ya jikoni haikuwa na habari nyingine. Wakubwa walisema nafuu ile imekuwa mzigo, kwamba watu wanadanganya juu ya watoto, kwamba masharti yabanwe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kila aliyesema "wanaodanganya" niliona anasoma fomu yangu. Kanisani maneno yaliongezeka miguu: mara wameshapitisha, mara hundi zilizoshikiliwa hazitatoka tena, mara watoto wa kulea wote watafutwa, wabaki wa kuzaa tu. Sikujua lipi la kweli, na la kweli lilikuwa mbali nami kuliko lile la kanisani.

Niseme mapema, msomaji asije akaumia bure kwa hilo: pesa hazikufutwa. Hundi yangu ilikuja, imechelewa, Mei imepita na tarehe ya daktari imesogezwa. Wakili alilipwa, jaji alikubali, na sikio lilizibwa likapona. Karatasi ya mahakama ninayo mpaka leo, imo kwenye bahasha ya plastiki. Lakini hayo yalikuja baadaye, na Jumapili ninayotaka kuisimulia sikuwa na hata moja la kulishika.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Rafiki yangu wa kazini alipanda nami juu, nikabandika wali, maharage yalikuwa ya jana. Redio ikasema tena.

"Hiyo kitu waki-pass, sisi tumeisha," alisema rafiki yangu.

Nikapandisha sauti yangu. Nilikuwa na mwiko mkononi na nakumbuka niliupiga kwenye ukingo wa sufuria kwa kila neno. "Wakiziondoa hizo pesa, mimi siwezi. Nakuambia siwezi! Nitamfanya nini huyu mtoto? Siwezi naye tena!"

Nilikuwa nasema sikio. Nilikuwa nasema wakili na Mei na karani wa mapokezi. Rafiki yangu alijua, kwa hiyo hakuona ajabu. Akakaa kidogo, akavaa koti, akaenda kuwahi zamu yake.

Mkubwa alikuwa sebuleni, hatua nne kutoka jikoni, akimsuka mdogo wake. Kiswahili hakukisema, lakini chote kilimwingia.

Nikapakua. Nilimjazia sahani yake, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuona mikono ilivyokonda. Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kwenye sufuria, na kijiko akaanza kurudisha wali, taratibu, bila kumwaga punje. Mdogo wake alikuwa ameshamaliza na anadai aongezwe.

Hapo hasira zote za wiki zile zikapata mtu. Nilimfokea. Nilimwuliza nani amemfundisha kususa chakula changu, nikamwuliza kama anadhani wali unaokotwa barabarani, nikamwambia ale na aache maringo. Nilisema mengi. Mdogo akaacha kudai.

Mkubwa alisimama na sahani yake, kwa mikono miwili, vile nilivyowafundisha kumpa mtu mzima kitu. Ilikuwa imepita miaka mitano hivi tangu anijibu neno zima kwa Kiswahili. Nikaona midomo inajaribu kwanza bila sauti, na nikaelewa kwamba alichotaka kusema alikuwa amekifanyia mazoezi, pengine chooni, pengine njiani kutoka shule, siku nyingi.

"Anti," alisema, "mimi sili sana. Wakiondoa pesa, naweza kukaa?"